Hodi ya Tatu

...kisanduku chenyewe kidogo, hakizidi punje ya mchele, na hakitaki kitu ila tiki, tiki moja, kisha kile kitufe cha kijani cha kutuma, kisha yaishe, ashuke akanywe maji, na pembeni mwa kioo cha kompyuta saa yasema ni saa tano na dakika ishirini na mbili, jarida lafunga saa sita kamili ya mchana, mhariri ameandika hivyo mara mbili kama amwandikiaye mtoto, na mbele ya kisanduku maneno yamejipanga kwa adabu, nathibitisha kwamba kila niliyemhoji ameridhia maneno yake yachapishwe, kila, si wangesema wengi wao jamani, wengi wao Nasiha angelitia tiki huku akitafuna, maana kumi na mmoja kati ya wale wanawake kumi na wawili walitia sahihi, na mmoja wao alitaka na picha yake itolewe, ile ya zamani alipokuwa mwembamba, ni mmoja tu, mmoja ambaye... "Hodi, wenyewe," ikaja kutoka chini, na kidole kikaganda.

Sauti ile haina pacha Kibokoni nzima, ina mchanga ndani yake, na hutanguliwa na mkongojo, tak, tak, na kumbe tak alizisikia tangu zilipokata kona ya msikiti akajifanya hakuzisikia, ni Bi Lamis, ndiye huyohuyo, wa kumi na mbili, amesimama kizingitini pale chini na miguu yake iliyovimba, mwanamke asiyetoka nyumbani ila kwa maiti au kwa arusi, na leo hapana maiti wala arusi, basi amejua, nani kamwambia, mama, si mwingine, mama neno halimalizi safari ya kutoka jikoni hadi mlangoni bila kumponyoka, lakini mama mwenyewe hajui, hakuna ajuaye, hayo maneno yamo kwenye kompyuta na kwenye simu na kwa wapitiaji wawili wa jarida wasiojulikana majina wala nchi, hawawezi kuwa wamepanda ndege kuja Kibokoni kumpasha Bi Lamis, tulia, Nasiha, tulia, usiburute kiti, mbao za sakafu hii husema kila kitu, hodi ni tatu, ndivyo Maalim alivyowafundisha chuo cha Kurani, Nasiha akiwa na miaka saba, ya kwanza wakusikie, ya pili wajisitiri, ya tatu wakujibu, na usipojibiwa urudi zako wala usinune, basi imebaki ya pili na ya tatu, avumilie mbili tu, si ndiyo kanuni aliyojiwekea mwenyewe, saa tatu hadi saa sita hayumo, hata akiwamo hayumo, na kanuni hiyo hakuitoa kichwani mwake, ilitoka semina ya Tudor, siku mbili za chai ya maziwa na maandazi magumu, Dakta Nasipwondi amesimama mbele, mwanamke wa makala tisa na hajatimiza miaka arobaini, mkufu wake wa shanga ukigonga kipaza sauti, akiwaambia wahadhiri wachanga saa zako za kuandika ni zako, funga mlango, zima simu, usimpokee hata mama yako, andika vibaya ila andika, hesabu maneno ya kila siku uyabandike ukutani uyaone, na utafiti mmoja usiumalize kwa makala moja kama mtu aliyekufa njaa, ukate mara tatu, upate tatu, na Nasiha akayaandika yote, akapigia mstari hadi karatasi ikatoboka, kwa sababu wiki hiyohiyo mkuu wa idara, Dakta Nicanor, mtu mpole asiyeweza kukutazama machoni akikupa habari mbaya, alikuwa ameiambia kalamu yake kwamba mkataba waisha mwisho wa Novemba, na kamati yataka makala mbili, Nasiha, mbili, moja nzuri ni moja tu. Niseme humo na huku umo, akasema mama aliposikia kanuni, na Ijumaa juu yake, la mwanangu, uongo wako ubebe mwenyewe, na tangu siku hiyo ikifika saa tatu huchukua kikapu akaenda zake Marikiti, akanunua asichokihitaji, akapiga soga na wauzaji mpaka adhuhuri, ndiyo nyumba hii ikawa na ndizi kuliko watu, na wenye midomo wakasema Nasiha ameingia kiburi, wengine wakasema ameingiwa na kitu, na mke wa jirani Zakariya, ambaye arusi yake Nasiha hakwenda hata kuchagua mchele, yeye ameapa kwamba mna mwanamume ndani ya ile kompyuta, haiwezekani mtu akazungumza na kioo saa tatu nzima bila faida... "Hawamo, bibi," huyo sasa ni Kadenge, mwuza maji, magurudumu ya mkokoteni yalikuwa yamelia njiani yakanyamaza, "mama mtu nimempita Marikiti saa hii." "Simtaki mama mtu. Namtaka huyu daktari." "Umeumwa?" "Nimeumwa na maswali yako. Daktari wa vitabu huyu, si wa sindano. Na yumo. Champali zake ni hizi."

Champali. Ya Rabi, champali, zile za buluu, amejifungia juu kama mwizi, simu kaizima, dirisha kalirudisha, akasahau kwamba miguu yake ameiacha mlangoni ionekane na kila apitaye, miezi minne, kila siku, saa tatu hadi saa sita, champali mbili zimekaa kwenye lile jiwe la mlango zikiwaambia watu yumo, yumo, hataki tu kuwajibu, na hakuna hata mmoja aliyemwambia, wamekuwa wakija, wakitazama chini, wakiondoka, shangazi yake, watoto wa chuoni na vitafuno vya hitima, mke wa Zakariya na sahani ya biriani ya arusi asiyoihudhuria... "Huenda ana champali mbili," asema Kadenge. "Kwa mshahara gani," ajibu Bi Lamis, na Kadenge acheka, na Nasiha angecheka naye laiti si kwamba uso wake umewaka moto mpaka masikioni, saa tano na dakika ishirini na tano, atie tiki, kwani ni nini, mtu hajasema uongo, hajasema chochote, ni alama tu ndani ya kisanduku, na ile simu iliyokuwa ikirekodi mahojiano, vilevile hakusema uongo, aliigeuza tu, Bi Lamis alisema zima hicho kidude mwanangu, hili si la kidude, na Nasiha alinyoosha mkono akaigeuza kifudifudi juu ya kigoda, kati ya vikombe viwili vya kahawa, aliigeuza, hakusema nimezima, mzee wa watu akaona kioo kimelala akadhani kimelala kweli, naye akaanza, mikono yake miwili imekamata mkongojo, macho yako ukutani, pale palipokuwa na mlango. Kwa maana utafiti wenyewe ndio huo, milango ya ndani, ile iliyokuwa ikitoboa kuta za kati katika nyumba za Mji wa Kale, ghorofani, wanawake wakapita nyumba hadi nyumba na sufuria zao na watoto wao na habari zao bila kushuka njiani, mingi imezibwa sasa, na Nasiha amepita nyumba moja moja akiuliza ulizibwa lini na nani na kwa nini, akapata majibu ya adabu, upepo, panya, wapangaji, mpaka kwa Bi Lamis, ambaye mlango wake uliingia nyumba ya Bi Mwanaesha, na mtaa mzima wajua kwamba ulizibwa kwa sababu Mwanaesha aliiba bangili, haisemwi, yajulikana tu, miaka thelathini na miwili Mwanaesha akiingia pahala wanawake huvuta mikono yao wakafunika vikuku vyao kwa leso, pole pole, kama wanaosikia baridi. Haikuibwa, akasema Bi Lamis, niliikuta wiki ya tatu ndani ya debe la mchele, iliniteleza nilipokuwa nikipima, na mlango ulikuwa umeshajengewa, chokaa bado mbichi, na mimi nilikuwa nimefurahi, mwanangu, usinitazame hivyo, nilifurahi, kwa sababu mume wangu kila akila alikuwa akiuliza hiki chakula ni chetu au ni cha kwa Mwanaesha, nikasema acha ikae siku mbili nitasema, na siku mbili hizo ndizo unazoziona usoni pangu, wala sikumtaja kwa jina, wallahi sikumtaja, nilisema tu aliyepita mlango ule siku ile ni mmoja.

Nasiha akamsikiliza simuni usiku... la, hakusikiliza usiku, alisikiliza asubuhi yake, saa tatu barabara, saa zake za kazi, alijiambia ataifuta akiisikia mara moja tu, akaisikia mara nne, kisha vidole vikaanza vyenyewe, na siku hiyo ukutani akaandika maneno elfu moja mia nne na kumi na mawili, haijapata kutokea, ile mistari yake ya kalamu nyekundu yote ni vilima vya mchwa na hii moja ni mnara, na alipokata utafiti mara tatu kama alivyofundishwa, kipande hiki cha tatu kikatoka chembamba kama supu ya hospitali, akakitia lile fungu la bangili kikolee, na mpitiaji wa pili akajibu kwamba makala ni safi na haina uhai, isipokuwa fungu la bangili, fungu la bangili liongezwe, na yeye akaliongeza, kutoka ukurasa mmoja hadi minne, akamwita Bi L., basi, Bi L., ana mkongojo, ana nyumba nyuma ya msikiti, ana mlango uliozibwa, kana kwamba Kibokoni imejaa akina Bi L. wa namna hiyo kama paka, na Mahira, mjukuu wa Mwanaesha, amekaa safu ya pili katika darasa lake mwenyewe la Jumanne, msichana anayesoma kila kitu, husoma mpaka maandishi ya chini ya ukurasa... "Hodi, wenye nyumba," ya pili, na mkongojo umegonga jiwe pamoja nayo, na kidole kikashuka chenyewe, tik, kisanduku kikajaa, kitufe cha kijani kikaiva kama embe.

Kumbe ni rahisi namna hiyo. Sekunde tatu zaidi, abonyeze, itoke, kisha aseme karibu, ashuke na uso wa mtu aliyetoka usingizini, ampe Bi Lamis kiti, amtilie kahawa, amwambie samahani nilikuwa nimelala, na Jumatatu ampelekee Dakta Nicanor ile barua ya jarida, amwone akiinua macho kutoka kwenye kalamu yake walau siku moja, na mama, mama aliyeuza mahamri alfajiri baada ya alfajiri, mama asemaye dukani mwanangu aandika kwa sauti ile ya kusema mwanangu yuko Maka, mama asirudi kuulizwa je yule daktari wenu bado, bonyeza, Nasiha, ni maneno ya watu, utafiti wote ni maneno ya watu, ungekuwa na yako usingehoji... "Mwanaesha ahama leo," Bi Lamis amwambia Kadenge, na sauti imeshuka, imetoka kimo cha mtu aliyeketi, ameketi basi, kwenye baraza la mlango, "Mwanawe Fuad amchukua Tudor, gorofa ya nne. Gari laja saa sita, kabla watu hawajajaa msikitini kwa sala ya Ijumaa." "Gorofa ya nne si mbali, bibi, tuktuk yafika." "Tuktuk yapanda ngazi?" Mkongojo ukagonga baraza. "Miguu hii na ile ngazi havitaonana. Leo ndiyo leo. Nataka huyu mtoto anishike mkono twende, ni milango miwili tu, lakini peke yangu siwezi, nimejaribu tangu asubuhi, nafika pale kwenye bomba narudi." "Nikushike mimi." "Wewe umshike nani, una maji ya watu. Nina neno na Mwanaesha, na huyu ndiye alijuaye."

Huyu ndiye alijuaye. Nasiha akatazama pembeni mwa kioo, saa tano na dakika ishirini na nane, kwa hiyo hakuja kugomba, hajui lolote la jarida wala la simu, amekuja kuazima mkono, na haraka haraka, kwa aibu ya haraka ile, akili ikamtengenezea njia, si vizuri hivyo, Bi Lamis aenda kusema mwenyewe leo, kwa kinywa chake, ikishasemwa si siri tena, na tiki si uongo tena, itakuwa imesemwa saa sita na makala imetumwa saa tano u nusu, nusu saa tu, nani atapima nusu saa, utume kisha umshike mkono, vyote viwili, Dakta Nasipwondi angefurahi, hakuna muda uliopotea, na hapo ndipo akalisikia, lilelile, pole pole, sikusema nimezima niliigeuza tu, sikumtaja wallahi nilisema tu ni mmoja, ni nusu saa tu, ni siku mbili nitasema, akaona alivyokaa, mgongo umepinda juu ya kitu kilichomteleza kwenye mchele, chokaa bado mbichi, na kwamba amefurahi, asijidanganye, siku ya maneno elfu moja mia nne na kumi na mawili alifurahi mpaka akajinunulia sharubati, mnara mmoja katika ukuta mzima, na mnara huo ndio peke yake alioupanda bila hodi. Akaomba ruhusa kwa wanawake kumi na mmoja waliomwambia upepo na panya, na aliyemwambia kweli akaingia kwake bila ruhusa. Na bila lile fungu makala haisimami, alijua, hata akilikata sasa hivi hawezi kuishona upya kwa nusu saa, achilia mbali akitoka, akitoka ni hodi kwa Mwanaesha, ni kuketi, ni kahawa ambayo huenda isiletwe, ni wanawake wawili kutazamana na yeye kati kama mkeka, saa sita itapita hapo hata haitamtazama, na Novemba imebakiza siku kumi na tisa, na atamwambia nini Dakta Nicanor, atamwambia makala ilikuwa na maneno ya mtu, na kalamu itajibu nini, na mama, mama ataendelea na ndizi, na mistari myekundu ukutani, leo ataandika ngapi, sifuri, hapana, hasi elfu mbili, kuna mtu amewahi kuandika hasi, semina haikusema.

"Piga tena, bibi," asema Kadenge, mkokoteni umeanza kulia, aondoka, "piga ya tatu, huenda yuko na vitu vya masikioni." "Ya tatu siipigi." "Kwa nini?" "Nikiipiga nisijibiwe itanibidi nirudi nyumbani, na nikirudi sitoki tena. Ningali na moja. Naikalia." Na Kadenge akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeelewa nusu, magurudumu yakasimama tena, "Basi nikufanyie nini kabla sijaenda." "Hizo champali zake. Zigeuze zitazame nje, mimi siwezi kuinama. Akishuka avae aende, tusipoteze muda." Na kweli, zilisikika, mpira juu ya jiwe, moja, kisha ya pili, na Nasiha juu akazihisi nyayoni kama amegeuzwa yeye, champali zake za buluu, zilizomchongea miezi minne, sasa zimepangwa sawa sawa kama za bibi arusi anayesubiriwa kutolewa, na yule mwanamke hajui hata kama atashuka, hajui kama yu macho, hajui alichofanyiwa, atamwambia, itabidi amwambie, hapohapo njiani kabla ya bomba, Bi Lamis ile simu haikuwa imezimwa, na huenda mkono ule ukamtoka, huenda mkongojo ukamwinukia, huenda akasema tangulia basi, kamwambie wewe, si unayo yote, na itakuwa haki yake. Tik. Kisanduku kikatoka tiki, kitufe cha kijani kikapauka, kikabaki kitupu kama alivyokikuta, kiti ni kilekile, dirisha limerudishwa vilevile, saa tano na dakika thelathini na moja, mhariri bado angoja na jarida bado li wazi, mkokoteni wa Kadenge umekata kona, na chini Bi Lamis amekaa na mkongojo wake kwenye baraza, ana hodi moja na hataki kuitumia, kisha ile sauti yenye mchanga ikapanda ngazi taratibu, haikuwa hodi, ilikuwa kama mtu anayezungumza na mlango, "Mimi sina haraka, mwanangu. Lenye haraka ni gari," na jibu la hodi, lile neno karibu, likawa limeshamfika Nasiha mdomoni, zima, kabla hajapigiwa ya tatu.